MAFUNZO YA UVUVI: Namna ya Kuchagua Mshipi Rahisi wa Kumvulia Karpi

Samaki aitwaye karpi si mgeni tena katika nchi yetu. Kwao hasa ni Ulaya na Asia, ambako watu wamemfuga mabwawani tangu zamani sana. Lakini leo hupatikana katika Ziwa Naivasha, katika bwawa la Masinga lililo kwenye Mto Tana, na mahali pengine. Huko Naivasha alianza kuonekana katika nyavu za wavuvi mwaka 2001. Hakutiwa ziwani kwa kusudi. Yasadikiwa kwamba aliingia kwa njia ya mito. Kufikia mwaka 2010 sehemu iliyo kubwa ya samaki waliovuliwa katika ziwa hilo, kwa uzito, ilikuwa karpi. Kwa hiyo mtu akaaye karibu na maji hayo aweza kujipatia kitoweo kwa ufito mmoja na mshipi mmoja, pasipo mashua wala wavu.

Hata hivyo, wengi wanaoanza kumvua karpi hukata tamaa upesi. Mtu huingia dukani akaonyeshwa vikasha vyenye ndoana za kila namna, pete, mirija, shanga, waya na vitu vingine vinavyong'aa, naye hununua akidhani kwamba penye vifaa vingi ndipo penye samaki wengi. Akifika majini mshipi hujisokota. Au samaki hukamata chambo akakitema. Au mbaya zaidi, mshipi hukatika na samaki akaenda zake akiburura ndoana na risasi. Jioni mtu huyo hurudi nyumbani mikono mitupu, fedha zake zimekwisha, na waliomngojea hawana kitoweo.

Somo la leo lataka kuonyesha jambo moja: mshipi ulio bora ni ule wenye vitu vichache tu vinavyohitajiwa, tena uliochaguliwa kwa kufuata mambo mawili, yaani jinsi karpi anavyokula, na jinsi chini ya maji palivyo. Vitu vingi unavyoviongeza katika mshipi huhitaji fundo, na kila fundo ni mahali ambapo mshipi waweza kukatika.

Wala jambo hili si la watu wenye uwezo mdogo tu. Tarehe 13 Septemba 1952, Mwingereza mmoja jina lake Richard Walker alimvua karpi mwenye uzito wa ratli 44, yaani karibu kilo 20, katika bwawa la Redmire huko Uingereza. Kwa miaka mingi hakuna karpi mkubwa kuliko huyo aliyepata kuvuliwa kwa ndoana katika nchi hiyo. Chambo chake kilikuwa mkate.

1. JINSI KARPI ANAVYOKULA

Karpi hana meno mdomoni. Meno yake yako ndani ya koo, nayo ni mapana kama magego, ya kusagia konokono wadogo na mbegu. Mdomo wake hujinyoosha mbele kama mfuko, na kando yake mna ndevu nne, mbili kila upande, ambazo kwazo hupapasa na kuonja vilivyomo topeni.

Akitafuta chakula, huinamisha kichwa, akafyonza tope pamoja na kila kitu kilichomo, kisha akakichambua kinywani. Kinachofaa hukipeleka kooni. Kisichofaa hukitema mara moja. Tendo hilo la kufyonza na kutema ni la upesi sana. Basi ndoana yaweza kuingia kinywani mwake na kutoka, na mvuvi aliye ufukoni asijue lolote.

Kutokana na habari hizi twapata kanuni tatu. Kwanza, chambo kiwe chepesi kufyonzwa. Kikiwa kizito au kikivutwa na mshipi uliokaza, karpi atakiacha. Pili, ncha ya ndoana iwe wazi, isizikwe ndani ya chambo kigumu, ili ichome wakati anapotema. Tatu, ndoana iwe kali. Ijaribu juu ya ukucha wa kidole gumba kwa kuivuta polepole: ikikwaruza na kushika, ni kali; ikiteleza, inoe au itupe mahali ambapo haitamchoma mtu wala mnyama.

2. VIFAA VYA LAZIMA

Mshipi mkuu uwe wa nailoni wenye nguvu ya kuhimili uzito wa kilo 5 au 6. Penye matete mengi au visiki, zidisha hadi kilo 8. Uzi unaofungwa ndoana uwe dhaifu kidogo kuliko mshipi mkuu. Sababu yake ni hii: mambo yakiharibika, na pakatike karibu na ndoana, ili samaki asiondoke na mshipi mrefu utakaomnasa katika matete mpaka afe.

Ndoana huuzwa kwa nambari, na kadiri nambari inavyozidi ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo. Kwa punje za mahindi tumia nambari 8 au 10. Kwa donge la ugali au la mkate tumia nambari 4 au 6. Chagua yenye shina nene kiasi, kwa kuwa karpi ni samaki mwenye nguvu na huinyosha ndoana nyembamba.

Chubwi, yaani kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi, kiwe chepesi kadiri ya kutosha kukaa mahali ulipokitupa. Ongeza shanga chache, na pete ndogo izungukayo ambayo huuzuia mshipi usijisokote. Vifaa vya mshipi ni hivyo tu.

Kwa chambo, jikoni mna vya kutosha. Mahindi makavu yalowekwe usiku mmoja, kisha yachemshwe mpaka yawe laini, lakini yasipasuke. Usitumie nafaka kavu isiyopikwa, kwa maana hufura ikipata maji. Ugali mgumu uliokandwa vema hushika ndoana vizuri. Nyungunyungu wa shambani pia hupendwa. Katika Ziwa Naivasha yafaa kukumbuka kwamba wamo kamba wa maji matamu wenye asili ya Marekani, waliotiwa ziwani mwaka 1970. Hao hula chambo laini upesi, hivyo mahindi hudumu zaidi kuliko ugali au nyungunyungu.

3. NAMNA YA KWANZA: MSHIPI USIO NA CHUBWI

Hii ndiyo rahisi kupita zote. Funga ndoana kwenye mwisho wa mshipi mkuu, basi. Hakuna risasi, pete wala shanga. Uzito wa chambo chenyewe watosha kukitupa.

Itumie karibu na ukingo, mahali ambapo maji yametulia na samaki waonekana wakizunguka. Donge la ugali litazama polepole. Ganda la mkate litaelea juu, na karpi huja kulinyonya kwa mdomo wake wazi. Usivute mara uonapo mdomo. Ngoja mpaka mkate upotee na mshipi uanze kwenda, ndipo uinue ufito.

Faida yake ni kwamba samaki hahisi uzito wowote. Hasara yake ni kwamba huwezi kutupa mbali, na upepo ukivuma huusukuma mshipi wote. Basi siku ya upepo, au samaki wakiwa mbali, chagua namna nyingine.

4. NAMNA YA PILI: MSHIPI WENYE KIBOYA

Kiboya chaweza kutengenezwa kwa mwiba wa nungunungu, kwa kizibo cha chupa, au kwa moyo mkavu wa shina la mafunjo. Kifunge juu ya mshipi kwa namna ambayo waweza kukisogeza juu na chini. Kisha bana punje moja au mbili za risasi juu ya ndoana, kiasi cha upana wa kiganja kutoka kwake.

Jambo kubwa hapa ni kupima kina. Sogeza kiboya mpaka chambo kilale chini kabisa, kwa maana karpi hutafuta chakula chake topeni. Kiboya kikilala ubavu, umeweka kina kirefu mno. Kikizama chote bila kuguswa, risasi ni nzito mno. Kikisimama wima huku ncha yake yaonekana kidogo, ni sawa.

Namna hii yafaa sana kando ya matete na mafunjo, mahali palipo na kina cha mtu mmoja au kupungua. Karpi akiligusa chambo, kiboya hutikisika kwanza. Usifanye haraka. Kikianza kwenda upande mmoja au kuzama moja kwa moja, hapo inua ufito.

5. NAMNA YA TATU: CHUBWI LINALOTELEZA

Samaki wakiwa mbali na ukingo, hapana budi kutumia chubwi. Pitisha mshipi mkuu ndani ya tundu la chubwi, kisha ndani ya shanga moja. Funga mwisho wake kwenye pete izungukayo. Upande wa pili wa pete funga uzi wa ndoana wenye urefu wa sentimita 15 hadi 30. Shanga hulinda fundo lisigongwe na chubwi.

Samaki akichukua chambo na kwenda, mshipi hupita ndani ya chubwi, naye hahisi uzito mwingi. Lakini iko faida nyingine ambayo ni kubwa zaidi. Mshipi mkuu ukikatika, chubwi hutoka lenyewe na samaki hubaki bila mzigo. Mvuvi aliyelifunga chubwi kwa fundo lisilolegea humwacha samaki na risasi inayoburuzwa; na risasi hiyo ikikwama katika visiki au matete, samaki hufungwa pale pale, akafa na kuoza bila kumfaa mtu yeyote. Kwa hiyo usilifunge chubwi kwa fundo gumu, wala usiweke fundo jingine juu yake litakalolizuia lisitoke.

6. NAMNA YA NNE: CHAMBO KWENYE UNYWELE

Namna hii iligunduliwa Uingereza karibu na mwaka 1980 na wavuvi wawili, Lenny Middleton na Kevin Maddocks. Wao walitambua kwamba chambo si lazima kikae juu ya ndoana yenyewe. Chaweza kuning'inia kando yake kwa uzi mwembamba. Hapo kwanza walitumia unywele wa kichwani, na jina hilo limebaki hata leo ijapokuwa sasa watu hutumia uzi.

Maana yake ni nyepesi. Karpi hufyonza punje za mahindi, na ndoana tupu hufuata nyuma. Akitaka kutema, ncha iliyo wazi humchoma mdomo wa chini. Hivyo tabia yake ile ile iliyokuwa ikimwokoa ndiyo inayomnasa.

Tengeneza hivi:

(a) Kata uzi wa urefu wa sentimita 35. Mwisho mmoja funga kitanzi kidogo.

(b) Pima kwa punje mbili za mahindi: kitanzi kipite chini ya punje kidogo, na kati ya punje na pindo la ndoana pawe na nafasi ya nusu sentimita hivi.

(c) Pitisha mwisho wa pili wa uzi ndani ya tundu la ndoana, kutoka upande wa mgongo kwenda upande wa ncha. Sehemu yenye kitanzi ilale juu ya shina.

(d) Zungusha uzi mrefu juu ya shina na juu ya ule unywele mara 7 au 8, ukishuka kuelekea pindo.

(e) Rudisha uzi ndani ya tundu kwa upande ule ule wa mgongo, ukaze. Hapo ndoana imefungwa na unywele umepatikana kwa kazi moja.

Ili kutia mahindi, chukua sindano nyembamba iliyokunjwa ncha kama kulabu ndogo. Itoboe punje, ishike kitanzi, kisha uzivute punje ziingie kwenye unywele. Weka kijiti kidogo cha jani kavu ndani ya kitanzi ili punje zisitoke. Uzi huu hufungwa kwenye pete ya chubwi linaloteleza, kama tulivyoeleza juu. Lakini hapa chubwi na liwe zito kidogo, kiasi cha gramu 50, ili lisaidie ndoana kuchoma.

7. KUCHAGUA KWA KUFUATA MAHALI

Kabla ya kutupa chambo, tupa chubwi peke yake na ulivute polepole. Likija kwa kugonga-gonga, chini pana changarawe. Likiteleza, pana mchanga au udongo mgumu. Likikwama kama lililoshikwa na uji, pana tope laini. Likileta majani, pana magugu.

Penye udongo mgumu, uzi wa ndoana wa sentimita 15 watosha. Penye tope laini, chubwi huzama na kuvuta chambo pamoja nalo. Kwa hiyo tumia chubwi jepesi na uzi wa sentimita 30 au zaidi, ili chambo kilale juu ya tope. Penye magugu mengi ya chini, usitumie chubwi. Tumia namna ya kwanza, au ya pili ukikiweka chambo juu ya magugu. Penye mkondo, kama mahali mto uingiapo bwawani, chubwi liwe bapa ili lisibingirike.

Ukiwa na shaka, anza na kilicho rahisi. Mwenye kuanza ajifunze vema namna ya kwanza na ya tatu, ndipo aendelee kwenye unywele.

8. FUNDO

Mshipi wa bei kubwa uliofungwa vibaya ni dhaifu kuliko wa bei ndogo uliofungwa vema. Fundo la kukumbuka ni hili: pitisha ncha ya mshipi katika tundu la ndoana au katika pete, izungushe juu ya mshipi wenyewe mara 5 au 6, irudishe ipite katika kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha ndani ya kitanzi kikubwa kilichotokea. Lilowesha kwa mate kabla ya kulikaza, kwa kuwa nailoni ikikazwa ingali kavu hupata moto na kupoteza nguvu. Kaza polepole, kisha vuta kwa nguvu ulijaribu. Afadhali likatike mkononi mwako kuliko likatike mdomoni mwa samaki.

9. MAMBO YA KUANGALIA

Usiuache ufito wako peke yake. Karpi mkubwa aweza kuuvuta wote majini, nawe ukapoteza mali yako, na samaki akaburura mzigo huo mpaka afe. Samaki akivuta kwa nguvu, mpe mshipi; akichoka, mlete polepole kwenye wavu wa mkono uliokwisha lowa.

Mahali penye viboko usivue jioni wala usiku. Kiboko hutoka majini wakati huo kwenda malishoni, na mtu anayesimama kati yake na maji yumo katika hatari ya kufa. Ukiona njia iliyokanyagwa itokayo ziwani, kaa mbali nayo.

Pata ruhusa ya ofisi ya uvuvi kabla ya kuanza, na uulize kama maji hayo yamefunguliwa. Ziwa Naivasha lilipata kufungwa mwaka 2001 ili samaki wapate nafasi ya kuzaa na kukua, na mvuvi mwenye busara hafurahii kula mbegu yake mwenyewe.

Mwisho, usimchukue karpi aliye hai ukamtia katika mto au bwawa lisilo lake. Yeye hufukua tope, huchafua maji na kung'oa mimea ambayo samaki wengine huitegemea. Akiisha kuzaliana, hapana awezaye kumtoa.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Kwa nini ncha ya ndoana yapasa kuwa wazi anapovuliwa karpi?

2. Ndoana nambari 4 na nambari 10, ipi ni kubwa?

3. Mshipi mkuu ukikatika, chubwi linaloteleza lina faida gani kwa samaki?

4. Umetupa chubwi, nalo lakwama kama lililoshikwa na uji. Utachagua uzi wa ndoana wenye urefu gani, na kwa sababu gani?

5. Kwa nini fundo la nailoni hulowesha kabla ya kukazwa?

Msomaji aliyeweza kuyajibu maswali haya bila kutazama nyuma yu tayari kwenda majini. Achukue ndoana chache zilizo kali, mshipi mzima, chubwi moja, na mahindi yaliyochemshwa. Fedha iliyobaki na ailete nyumbani.